Upande wa Pili wa Shela ya Neema

Tangu Jumamosi ile simu yangu haijapumzika. Wengine mnauliza kwa adabu, wengine mnaanza na habari za hali ya hewa, lakini swali ni lile lile: kwa nini Mama Furaha, nyanya wa bibi harusi, alikataa kiti cha mbele kanisani akaenda kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na watu waliochelewa? Kuna aliyesikia kwamba sisi Wakamba tulimkosea mkwe wetu. Kuna aliyesikia ni mambo ya chakula. Mmoja wenu, na anajijua, ameniambia amesikia ni uchawi.

Sasa nimefika nyumbani, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi kwa sababu malengelenge ya vile viatu vya harusi hayajapona, na nitawaeleza mara moja ili nisirudie. Jibu la swali lenu liko Vadstena. Vadstena ni mbali, mwendo wa siku nzima kutoka Stockholm yetu hii ya Uswidi, kwa hiyo vumilieni.

## Skärholmen, sebuleni kwa Mama Furaha

Mnanijua: mimi ni Mama Imani, muuguzi wa hospitali ya Flemingsberg, na Kioko aliyeoa ni mtoto wa kaka yangu. Jumatatu ya wiki ya harusi nilitumwa Skärholmen kumuuliza Mama Furaha kama wanawake wa upande wao watavaa kitenge cha bluu au cha kijani. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Nilimkuta amepakata mto mgumu wa mviringo uliojaa pini, na kutoka kwenye pini zile vilining'inia vijiti vyembamba vya mbao, kila kimoja na uzi wake. Alikuwa akivirusha kushoto na kulia, viwili viwili, vikigongana kama maharagwe yanayochambuliwa kwenye sinia.

"Ni dantele," akasema bila kuinua macho. "Weye unaona vijiti mingi, lakini kazi ni mbili tu. Unapitisha, unasokota. Basi."

Mimi lesi niliyoijua ni ile ya dukani, unayokatiwa kwa mita. Hii ya Mama Furaha husukwa kwa nyuzi peke yake, bila kitambaa chini yake, na pini zikitolewa linabaki ua. Akanifungulia kopo la biskuti. Ndani, juu ya karatasi nyeusi, yalilala maua na majani meupe, mepesi hata nikageuza uso ili nisiyapulize. Alikuwa ameyasuka kila msimu wa baridi tangu mjukuu wake Neema alipoanza chuo, mpaka sasa Neema ni mtaalamu wa kompyuta kule Kista.

"Ni ya shela yake," akasema.

"Na shela yenyewe iko wapi, Mama?"

Hapo vijiti vikanyamaza, naye akanieleza. Alipokuwa msichana kule Bukavu, masista Wabelgiji walikuwa na nyumba ya kazi kando ya ziwa, na nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha kwanza wasichana walisuka maua. Chumba cha pili wasichana wengine waliyaunganisha yakawa shela, kola, vitambaa vya altare. Yeye aliwekwa chumba cha maua akiwa mdogo, akabaki humo mpaka alipoolewa. Sista alikuja, akatoa pini, akalikagua ua, akalitia kwenye sanduku, akapita nalo mlangoni. Upande ule wa mlango kazi ilipokwisha ilifungwa kwenye makasha ikapelekwa Ulaya.

"Sijaonaka ata moja yenye imeisha," akasema. "Ata moja, Mama Imani. Sijue kuunganisha. Hawakunifundishaka."

Alikuwa amejaribu mwenyewe, na kitambaa kikakunjamana kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu. Akaenda kwa fundi mmoja wa cherehani, naye akamwambia atayabandika yote kwa gundi asubuhi moja tu. Mama Furaha alitoka dukani mle bila kuaga. Neema naye, mtoto mwenye upendo lakini mtoto wa hapa, alimjibu kwa Kiswidi kama kawaida yake kwamba mambo yatajipanga, na kwamba ameshaagiza shela mtandaoni.

Nitawaambia ukweli, nilikasirika. Nyanya yangu Machakos alisuka viondo maisha yake yote, na alikuwa akisema kiondo kisichomaliziwa mdomo ni deni kwa mikono. Nilimwona mzee huyu na kopo lake, na harusi ni Jumamosi, nikasahau hata habari ya kitenge. Nikaanza kupiga simu. Lakini mnaijua Stockholm ya mwezi wa saba: kila anayejua jambo la maana yuko kwenye nyumba ya likizo kando ya maji, na simu yake inakuambia kwa sauti tamu kwamba atarudi mwezi wa nane. Mwishowe muuguzi mwenzangu akanipa namba ya shangazi yake wa Vadstena, mji ambao zamani uliishi kwa lesi. Anaitwa Gunvor. Akasema, "Njooni. Siahidi kitu."

## Laini nyekundu na mtoto wa kitenge

Tuliondoka Jumatano asubuhi. Ua la mwisho lilikuwa bado kwenye mto, na mto wenye kazi hauinamishwi, maana vijiti vikichanganyika umekwisha. Kwa hiyo Mama Furaha aliufunika kwa kitenge, akaukumbatia kifuani, akatembea nao polepole mpaka kituoni. Mimi nilibeba kopo, chakula na mwavuli. Nilitaka kubeba mto pia, akanitazama jicho moja tu nikaacha.

Ndani ya treni ya chini ya ardhi, ile ya laini nyekundu, mwanamke mmoja wa Kiswidi akampisha kiti haraka, akasimama mbele yetu akitabasamu. Nikashangaa kidogo, kwa sababu mimi nimepanda laini hii miaka na miaka na sijawahi kuchekewa hivyo. Akainama akauliza kwa upole, "Ana umri gani?"

Mama Furaha Kiswidi chake ni cha hospitali na ofisi, na swali la umri analijua vizuri sana. Akajibu kwa fahari, "Sabini na moja."

Mwanamke akatutazama. Akatazama furushi. Nafikiri aliamua kwamba hakusikia vizuri, kwa sababu alinyoosha mkono akalipapasa furushi mgongoni, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenziwe. Kisha akaruka. Pini ilikuwa imemwingia kidoleni.

Nilitaka kufa kwa aibu. Mama Furaha akafunua pembe ya kitenge amwonyeshe, na yule mwanamke, huku akinyonya kidole, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na behewa zima likageuka. Aliposhuka alitupungia mkono kupitia dirishani. Mama Furaha naye akampungia kwa pembe ya kitenge, kama mama anayepunga kwa mkono wa mtoto wake.

## Katrineholm, behewa la kimya

Treni kubwa ya kwenda kusini ilikwenda vizuri mpaka karibu na Katrineholm, ikapunguza mwendo, ikasimama shambani. Konda akatangaza kwamba kuna hitilafu mbele na hajui ni ya muda gani. Ng'ombe walitutazama, nasi tukawatazama. Mkahawa wa treni ulikuwa umefungwa.

Mama Furaha hakuwa na wasiwasi. Alifungua chombo cha kwanza, bugali, yaani ugali wa kwao. Akafungua cha pili, sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, walioletwa na mtu aliyetoka kwao. Cha tatu kilikuwa pilipili. Na huku akifungua alikuwa akinisimulia habari za bwana yake marehemu, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Mzee mmoja mwenye gazeti, ng'ambo ya njia, akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akanyoosha kidole juu ya dirisha, kwenye kibandiko ambacho sikuwa nimekiona. Tulikuwa tumekaa behewa la kimya, lile la watu waliolipa ili wasisikie binadamu wengine.

Nikamnong'oneza Mama Furaha. Akaitikia kwa kichwa, akaelewa kabisa. Akanyamaza. Ila alisogeza chombo cha sambaza hadi upande wa mzee, akakigonga kidogo kwa kidole, akamnong'oneza kwa Kiswahili, "Kula, baba."

Yule mzee alikataa kwa mkono. Muda ukapita. Ng'ombe wakahama. Mama Furaha hakukiondoa chombo, kwa sababu kwao mtu akikataa mara moja ndiyo kwanza ameanza kufikiri. Mwishowe mkono wa mzee ukatoka nyuma ya gazeti, ukachukua samaki mmoja kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka. Akamla na kichwa chake. Akachukua mwingine. Wa tatu alimchovya kwenye pilipili kabla sijamzuia, na behewa la kimya likasikia sauti ambayo nadhani halijawahi kuisikia.

Baada ya hapo tukawa jamaa. Aliyekuwa na ndizi alitoa ndizi, aliyekuwa na biskuti alitoa biskuti, wote kwa kunong'ona. Mama Furaha akafuta mikono vizuri, akafunua mto, akaanza kumalizia ua la mwisho kwa mwanga wa dirisha. Kimya kikarudi, vikabaki vijiti tu vinagongana. Nikamuuliza yule mzee wa gazeti kama sauti ile inamsumbua. Akasema nimwambie asiache.

Pini ya mwisho ilipotoka, treni ilikuwa bado imesimama. Ua likaingia kwenye kopo. Kisha wakatushusha, wakatupakia kwenye basi, dereva akitaka mto uende chini kwenye mizigo, na mzee wa gazeti akamwambia kwa ukali kwamba huu si mzigo, ni kazi ya mtu. Aliupakata mwenyewe mpaka Linköping. Kutoka pale ilikuwa treni ndogo, halafu basi jingine kando ya ziwa kubwa, na Mama Furaha alipoliona ziwa lile alisimama ndani ya basi linalokwenda. Akasema ni kama la kwao, ila hili wamesahau kulizungushia milima.

## Vadstena, hapana ni hapana

Gunvor alikuwa ametusubiri tangu mchana. Ni mwanamke mrefu, mkavu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na maneno yake ni machache kama ya mtu anayelipia kila moja. Meza ilikuwa imeandaliwa viazi, samaki wa siki na mkate.

"Mtakula?" akauliza.

"Hapana, aksanti, tumeshiba," Mama Furaha akajibu kwa heshima, kama ajibuvyo mgeni yeyote aliyelelewa, akingoja kushikwa mkono na kulazimishwa.

Gunvor akaondoa sahani.

Nilimwona Mama Furaha akizifuata sahani zile kwa macho mpaka kabatini. Mimi nisingeweza kusema nitakula wakati mkwe wangu amekataa, kwa hiyo nilibaki na njaa ya heshima. Tulilala kwa sambaza waliobaki. Chumbani nilimweleza: Mswidi ukimwambia hapana, anakuheshimu, anaamini ni hapana. Akafikiri. "Basi hawa watu banakufaka na njaa kwa adabu," akasema, akavuta shuka.

Lakini kabla ya kulala kulikuwa na jambo la kopo. Gunvor alikuwa ameliweka kopo chini ya taa, akavaa miwani, akayatazama maua moja moja kwa kioo cha kukuzia. Kisha akatuonyesha kazi yake mwenyewe, lesi nyembamba ya ukingo, ndefu, iliyoanza mwanzo na kwenda moja kwa moja hadi mwisho, kila uzi ndani yake. Hivyo ndivyo walivyosuka watu wa Vadstena, akasema. Wanawake walikaa pamoja jioni kuzunguka taa moja, na mbele ya taa chupa ya maji ili mwanga ukusanyike kwenye vidole. Wachuuzi walibeba kazi yao kwenye mabegi wakatembea nchi nzima. Halafu mashine zikaja, na mashine haichoki wala haili. Mjini wanapenda kusema ni watawa wa zamani walioanzisha yote. Yeye hana hakika.

Nilipotafsiri, Mama Furaha akatikisa kichwa. "Ni masista," akasema. "Kila mahali ni masista."

Gunvor akaliweka ua chini. "Kazi ya namna hii mimi siwezi kuifanya. Nimeiona vitabuni tu."

Nilitafsiri, na uso wa Mama Furaha nisingependa kuuona tena. Safari yote ile, mto umepakatwa kama mtoto, na mlango wa chumba cha pili bado umefungwa.

"Nimesema kuyasuka siwezi," Gunvor akaendelea. "Kuyashona juu ya kitambaa chembamba cha wavu, hilo tunaliweza. Lakini si mimi peke yangu, na si kwa siku moja." Akaingia ukumbini, tukamsikia akipiga simu, moja baada ya nyingine.

Nikamwambia Mama Furaha kidole kimoja hakivunji chawa. Akasema hata kwao hakivunji.

## Alhamisi, watu wenye adabu mno

Asubuhi wakaja wanawake sita wenzake Gunvor, wastaafu wote, kila mmoja na sindano zake, kila mmoja na maandazi yake ya mdalasini. Wavu mweupe ukatandazwa juu ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cheusi. Mama Furaha ndiye aliyepanga. Alizunguka meza kwa saa nzima akiweka, akitoa, akirudisha: waridi kwenye pembe, majani yakipanda kandokando. Hakuna aliyemharakisha.

Kila ua aliliweka fundo juu. Ua la dantele lina upande wenye mafundo madogo na ncha za uzi, na upande wa pili ulio laini. Nikamuuliza tu, kwa kutaka kujua.

"Uso ni ule sista anaangaliaka," akanijibu. "Alikuwa anatafuta fundo. Ya wengine ilikuwa mikubwa. Yangu alikuwa anasema: hii ni ya nani, ni kama mchanga."

Nikawatafsiria. Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo, akaufunga. Mwingine akasema mafundo ni madogo kweli. Gunvor akavaa miwani, akavua. Kisha wakainama wote wakaanza kushona, kimya kimya, na mimi nikapewa kazi ya kutunga nyuzi, kwa kuwa nilijaribu jani moja na Gunvor akalifumua bila kusema neno.

Mimi nami nilikuwa nimeona. Nilipochukua jani lile, lilianguka chali mkononi mwangu, na upande wa pili ulikuwa mzuri hata nikataka kusema. Lakini nani atamwambia nyanya wa bibi harusi, mkwe mtarajiwa, kwamba kazi yake ameigeuza? Nikanyamaza nikatunga uzi.

Mchana ililetwa supu ya njegere za njano, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na Alhamisi nchi hii hula supu ile. Gunvor alipouliza nani atakula, Mama Furaha alijibu kabla hajamaliza swali. "Ndiyo. Mingi."

Jua la kiangazi lilikuwa bado juu walipokata uzi wa mwisho. Gunvor na mwenzake wakaishika shela kwa pembe zake, wakaiinua mbele ya dirisha ili Mama Furaha aione. Aliiangalia. Akasema ni nzuri, aksanti, Mungu awabariki. Lakini alikuwa akisema kama mtu aliyeletewa picha ya nyumba yake na kuona mlango si wenyewe. Joto lilikuwa kali. Akazunguka nyuma ya shela kwenda kufungua dirisha.

Dirisha halikufunguliwa. Nilingoja, kisha nikasikia sauti yake upande ule.

"Mama Imani. Hii ni ya nani?"

"Ipi, Mama?"

"Hii maua. Nani alitengeneza?"

Nikazunguka. Alikuwa amesimama uso karibu na wavu, mwanga umemmwagikia, na mbele yake maua yote yalikuwa yamegeuka. Mishipa ya majani imeinuka, waridi zimekunjuka petali kwa petali, hakuna fundo hata moja. Alikuwa ameisuka kazi ile kifudifudi tangu utotoni. Uso wake hakuwahi kuuangalia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ndio uso.

"Ni yako, Mama," nikamwambia. "Yote ni kazi yako."

Alipeleka kidole kwenye waridi moja, akafuata ukingo wake. Halafu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikalia, na Gunvor, ambaye bado alikuwa ameshika pembe na hakuweza kufuta macho, akalia akiwa amesimama wima kama askari.

Ndipo maungamo yakaanza. Kumbe wote waliona tangu asubuhi. Mmoja alidhani ndiyo desturi ya Afrika, mwingine alidhani ndiyo desturi ya Ubelgiji, Gunvor alidhani si mahali pake kumfundisha mtu anayemzidi ufundi. Nilipomaliza kutafsiri, Mama Furaha alinigeukia. "Na weye?"

"Mimi ni shangazi ya Kioko," nikasema. "Nilikuwa na heshima."

"Heshima," akasema. "Siku nzima, muko batu banane na heshima." Akacheka mpaka akashika meza.

Kufumua hakukuwa na haja. Shela iligeuzwa tu. Lakini sasa wavu ulikuwa umelala juu ya nyuso za maua, kama ukungu, na Gunvor akaleta mkasi mdogo kuliko kidole changu. Wavu ulipaswa kukatwa juu ya kila ua, bila kugusa uzi hata mmoja wa ua lenyewe. Mkasi ukiteleza mara moja, ua limekufa. Mama Furaha alisema hawezi kuangalia, akaketi jikoni mgongo kwetu, na kila mkasi ulipolia mabega yake yaliruka.

Ilipobaki moja, kwenye pembe ya chini, alisikia mkasi umetulia akarudi. Akamshika Gunvor mkono.

"Hii mumuache," akasema. "Fundo ibaki juu. Nikiona ile, nitajua ni yangu."

Gunvor akalifumua ua lile, akaligeuza fundo juu, akalishona upya kwa mkono wake.

## Flemingsberg, upepo

Treni ya kurudi Ijumaa ilifika kwa wakati wake, jambo ambalo lilinikera kidogo, maana nilikuwa nimeshazoea. Mama Furaha alikataa sanduku la shela liwekwe juu, akalipakata. Mahali fulani baada ya Katrineholm, ng'ombe wale wale dirishani, aliniambia habari za rafiki yake Mapendo, aliyewekwa chumba cha pili. Jioni wakitembea kwenda nyumbani alikuwa akimuuliza, "Mapendo, inafananaka aje?" Na Mapendo alikuwa akijibu, "Ni nguo nyeupe tu." Alikasirika naye miaka mingi kwa jibu lile.

"Labda naye alikuwa anachoka," akasema.

Neema na Kioko walitungoja kituoni Flemingsberg, mimi nikiwa na zamu jioni ile. Neema alitaka kufungua sanduku pale pale. Mama Furaha akamkatalia, akisema upepo wa lile daraja la kituo ungeipeleka shela hospitali kabla yangu. Neema akasema kwa Kiswidi kwamba shela ya mtandaoni imefika, na kwamba Koko asijisumbue ikiwa hii haikufaulu. Koko ndivyo anavyomwita nyanya yake. Mama Furaha akamjibu, "Utaona kesho."

## Jumamosi, benchi la mwisho

Haya sasa, swali lenu. Mliona wenyewe viti vya mbele vilivyofungwa utepe. Mliona kimoja kimebaki kitupu. Kaka yangu, aliyetoka Machakos na suti yake mpya, aliniita pembeni jasho likimtoka. "Mkwe amekasirika," akasema. "Tumefanya nini? Enda umwombe msamaha."

"Wa kosa gani?"

"Lolote. Omba tu."

Nikaenda nyuma. Mama Furaha alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kwenye njia, amevaa kitenge cha kijani, mikono imetulia magotini. Nikamwambia watu wote wanamngoja mbele.

"Mama Imani," akasema, "weye ulisafiri na mie mpaka kule. Shela inaonekanaka mbele?"

Nikafikiri. Mbele mtu anaona uso wa bibi harusi. Shela iko mgongoni, na ni wa nyuma tu wanaoiona ikitembea mpaka madhabahuni, ikakaa pale ibada nzima. Nikaenda kumwambia kaka yangu kwamba hakuna kosa, kisha nikarudi nikakaa naye. Kwa hiyo mliosema nami nilinuna, pokeeni majibu yenu.

Neema alipoingia na baba yake alipita mbele yetu, na shela ikafuata, maua yote yakiangalia juu. Mama Furaha hakuimba wala kupiga vigelegele. Tangu wimbo wa kwanza hadi baraka alikuwa akitazama. Nilimpa leso, akaishika tu.

Mwishowe maharusi wakatoka wakiwa wameshikana mikono, sisi sote tukipiga makofi. Kwenye benchi letu Neema akasimama. Watu wa nyuma yake wakagongana, msimamizi akaanza kuangalia saa. Neema akaokota pembe ya shela, akaipapasa kwa vidole mpaka akalipata ua lenye mafundo, akaliweka kwenye kiganja cha nyanya yake. Nani aliyemwambia, mimi sijui. Na mtoto huyu ambaye amejibu kwa Kiswidi tangu chekechea, akasema kwa Kiswahili, polepole, akichagua kila neno:

"Koko, yako iko hapa."

Mama Furaha aliliangalia ua lile. Kisha akaliachia, akaikunjua shela yote mbele yake kwa mikono miwili.

"Hapana, mutoto wangu," akasema. "Yote ni yangu."